Kukosa Hewa: Historia ya Jina na Madhara Yake kwa Mtoto

Mfasiri wa vijitabu vya afya ya mama na mtoto, kabla hajamaliza ukurasa wa pili, hana budi kukutana na mambo matatu ambayo Kiswahili cha kila siku huyaita kwa jina moja. La kwanza ni mtoto kuzaliwa bila ya kupumua. La pili ni damu na ubongo kupungukiwa na oksijeni, wakati wowote na kwa sababu yoyote. La tatu ni pumzi ya mtu aliyelala kusimama kwa muda na kisha kurudi, huenda mara nyingi katika usiku mmoja. Yote matatu huandikwa "kukosa hewa". Mkunga huelewa, mama huitikia, karani hujaza fomu, na kazi huendelea. Walakini matabibu wa Ulaya na Marekani walitumia zaidi ya karne mbili kuyatenganisha mambo hayo, na katika safari hiyo majina waliyoyateua yaliwapoteza njia zaidi ya mara moja. Kusudi letu katika makala haya ni kuisimulia safari hiyo, hasa sehemu yake inayohusu mtoto aliye tumboni na mtoto mchanga, ili tunapoketi kusanifisha istilahi zetu tujue ni wapi wenzetu walijikwaa.

Tuanze na neno walilolianza wao. Wayunani wa kale walikuwa na neno asfiksia, na maana yake haikuhusu hewa hata kidogo. Mwenye asfiksia ni yule ambaye tabibu amemshika kifundo cha mkono wala hasikii mshipa kudunda. Katika karne ya 18 miji ya Ulaya yenye mito na mifereji ilianza kuunda vyama vya kuwaokoa waliozama majini, Amsterdam mwaka 1767 na London mwaka 1774, na neno hilo likawa linatumika kumwita mtu aliyeopolewa akiwa kama maiti. Kwa kuwa aliyezama amekosa pumzi, maana ya neno ikahama taratibu kutoka kwenye mshipa hadi kwenye pumzi. Hatimaye likapelekwa kwa mtoto mchanga asiyelia. Hivyo basi jina lenye maana ya "asiye na mpigo" likawa jina la mtoto ambaye mara nyingi moyo wake unapiga. Tutaona huko mbele kwamba jambo hili si mchezo wa wanaisimu.

Hewa yenyewe nayo ilikuwa na mkasa wake. Joseph Priestley wa Uingereza aliipata mwaka 1774; Scheele wa Sweden alikwisha kuipata kabla yake, ila kitabu chake kilichelewa kuchapwa. Aliyeipa jina ni Antoine Lavoisier wa Ufaransa, mwaka 1777. Akiamini kwamba hewa hiyo ndiyo mzazi wa asidi zote, alitunga jina kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya "mzaa uchachu". Mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba asidi ya chumvi haina oksijeni ndani yake, na nadharia ikaanguka. Jina halikuanguka. Wajerumani, ambao walitafsiri badala ya kukopa, hadi leo huiita hewa hiyo kwa neno lenye maana ya "kitu cha uchachu". Sisi tuliokopa "oksijeni" kwa sauti yake tu tumeepukana na mzigo huo, kwani neno halimwambii Mswahili lolote isipokuwa lile alilofundishwa darasani. Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba kila neno la mkopo ni dalili ya unyonge wa lugha. Mfano huu wafaa kuwatuliza.

Sasa tumfikie mtoto. Mwaka 1861 daktari wa mifupa wa London, William John Little, ambaye mwenyewe alikuwa na kilema cha mguu tangu utotoni, alisoma makala mbele ya chama cha madaktari wa uzazi wa mji huo. Makala hayo yalichapwa mwaka 1862. Aliwaeleza juu ya watoto aliowatibu, wenye misuli iliyokakamaa na miguu inayopishana kama mkasi wanapojaribu kutembea. Katika historia za watoto hao alikuta uzazi mgumu, au kuzaliwa kabla ya siku, au kuchelewa kupumua. Hadi wakati huo ilidhaniwa kwamba mtoto asiyepumua ama hufa ama hupona kabisa. Little alionyesha kwamba ipo njia ya tatu: huishi, lakini ubongo wake umekwisha kuumia. Huo ulikuwa ugunduzi mkubwa, na hali hiyo ikaitwa ugonjwa wa Little.

Pamoja na ukubwa wake, ugunduzi huo ulizaa mazoea ya fikira ambayo yalidumu zaidi ya miaka mia moja. Kila mtoto aliyekakamaa viungo alidhaniwa kuwa alikosa hewa, na kila aliyekosa hewa alidhaniwa kuwa alikosa katika saa ile ya kuzaliwa. Basi swali likawa moja tu: nani alikuwapo saa hiyo, na alifanya nini? Mwaka 1897 Sigmund Freud wa Vienna, ambaye wakati huo alikuwa bado daktari wa neva na hajajulikana kwa mambo ya ndoto, aliandika kitabu kikubwa juu ya kupooza kwa watoto na ndani yake akatoa wazo la kinyume. Alisema kwamba huenda uzazi mgumu wenyewe ni dalili tu; kwamba jambo lililomdhuru mtoto tumboni ndilo hilo hilo lililoufanya uzazi wake uwe mgumu. Ni wazo lililo wazi kabisa ukilisikia leo, lakini halikupata wafuasi wengi. Kwa maoni yetu jina lilikwisha kutangulia. Mtu akishaliita jeraha kwa saa lilipoonekana, ni shida kumtuma akatafute saa nyingine.

Mwaka 1952 Dakta Virginia Apgar, mtaalamu wa dawa za usingizi mjini New York, alitunga njia ya kumpima mtoto katika dakika ya kwanza ya maisha yake, akaichapisha mwaka 1953. Huangaliwa mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu ya misuli, mwitikio akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla kamili ni 10. Faida yake ilikuwa kubwa na rahisi kueleza. Iliwalazimu watu wa chumba cha kuzalia kumtazama mtoto, badala ya kumweka pembeni wakishughulika na mama. Baadaye, hata hivyo, wengi walianza kuzisoma alama hizo kama hirizi ya kutabiri maisha ya mtoto, kazi ambayo hazikutungiwa.

Jibu kwa jambo hilo lilitoka Marekani, katika uchunguzi uliofuata mimba zaidi ya 50,000 kuanzia mwaka 1959 na kuwaangalia watoto hadi umri wa miaka saba. Mwaka 1981 Karin Nelson na Jonas Ellenberg walichapisha hesabu zao. Miongoni mwa watoto waliokuja kukakamaa viungo kwa sababu ya ubongo, asilimia 73 walikuwa wamepata alama 7 hadi 10 walipotimiza dakika tano. Yaani, kwa kipimo cha Apgar, walizaliwa wazima. Na kati ya wale waliopata alama za chini kabisa kwa dakika kumi au zaidi na wakaokoka, asilimia 80 hawakuwa na ulemavu mkubwa walipofikia umri wa kuanza shule. Kwa hiyo watoto wengi walioumia hawakuumia katika saa ile iliyotajwa na jina. Freud hakuwa ameota.

Ikiwa si saa ya kuzaliwa, ni saa ipi? Hapa inatupasa kurudi tumboni. Mtoto aliye tumboni hapumui hewa. Hupata oksijeni kutoka katika damu ya mama kwa njia ya kondo la nyuma na kiungamwana. Joseph Barcroft wa Cambridge, ambaye mwaka 1921 aliongoza msafara kwenda milima ya Peru kuchunguza jinsi mwili unavyoishi penye hewa nyembamba, baadaye aliugeuzia utafiti wake kwa kondoo wenye mimba, akachapisha kitabu juu ya maisha ya kabla ya kuzaliwa mwaka 1946. Yeye na waliomfuata walionyesha kwamba kijusi huishi kwa oksijeni haba sana, wakamlinganisha na mtu aliye karibu na kilele cha Everest. Hustahimili kwa kuwa damu yake imeumbwa kuinasa oksijeni kwa nguvu kuliko damu ya mama. Aliyefika Uhuru juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, anajua jinsi nusu ya oksijeni ya pwani inavyomfanya mtu ahesabu hatua zake. Mtoto wa tumboni huishi katika uhaba mkubwa kuliko huo miezi tisa na hukua vizuri, maadamu uhaba wake haupunguzwi zaidi. Akiba yake ni ndogo.

Kwamba akiba hiyo huweza kupunguzwa siku nyingi kabla ya uchungu lilithibitishwa na milima pia. Mwaka 1957 John Lichty na wenzake walieleza juu ya watoto wa Leadville, mji wa machimbo huko Colorado ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Watoto wengi walizaliwa wadogo, na si kwa kuwa walizaliwa kabla ya siku. Walikaa tumboni muda uliotimia na bado wakawa wadogo. Uchunguzi wa baadaye katika jimbo hilo hilo ulipata kwamba uzito wa kuzaliwa hupungua kwa gramu 100 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hakuna mkunga wa kulaumiwa hapo, wala uchungu uliorefuka.

Mlimani, lakini, upungufu ni wa mfululizo. Upo upungufu wa namna nyingine, unaokuja na kuondoka, nao hutokea hata Dar es Salaam na Mombasa, kando ya bahari, kitandani. Historia yake ya majina ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walimweleza mgonjwa mmoja mnene aliyekuwa akisinzia mchana, wakaipa hali yake jina la kitabu cha Charles Dickens cha miaka ya 1836 na 1837, ambamo yumo kijana mmoja mnene asinziaye hata akiwa kazini. Jina lilipendeza. Lilichekesha pia, na hapo ndipo lilipoharibu. Lilifanya ugonjwa uonekane kuwa ni tabia ya watu wanene, jambo la mchana na la mzaha, ilhali chanzo chake kilikuwa usiku. Mwaka 1965 watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila kundi peke yake, waliwapima wagonjwa wakiwa usingizini, wakakuta kwamba pumzi zao husimama mara kwa mara. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Stanford waliliacha jina la kitabu wakaiita hali hiyo kwa tendo lenyewe, kwa neno la Kiyunani apnea, yaani kutokuwa na pumzi, wakaongeza "ya usingizini". Kwa mtu mzima husimama huko huhesabiwa kukidumu angalau sekunde 10. Njia ya koo hulegea na kujifunga, oksijeni hushuka katika damu, ubongo hushtuka, mtu huvuta pumzi kwa mkoromo mkubwa, kisha hulala tena bila ya kujua lolote. Mwaka ule ule Guilleminault alieleza kwamba hali hiyo huwapata watoto pia. Tunasisitiza: mara tu jina lilipoacha kumtaja mtu mnene, wagonjwa wembamba na watoto walianza kuonekana.

Juu ya watoto hawa walimu watuvumilie tukae kidogo. Mwaka 1889 daktari William Hill wa London alichapisha makala yaliyodai kwamba baadhi ya watoto waitwao wazito wa akili ni wale wanaopumua kwa mdomo kwa sababu ya nyama za puani na mafindofindo. Maneno aliyoyatumia katika kichwa cha makala yake yangetafsiriwa kwa Kiswahili kuwa kurudi nyuma na upumbavu, na pengine ndiyo yaliyofanya asisomwe sana. Karne moja ilipita. Mwaka 1998 David Gozal, akiwa Louisiana, aliwachunguza wanafunzi 297 wa darasa la kwanza waliokuwa mwisho kabisa katika masomo. 54 kati yao walikuwa na shida ya kupumua usingizini. Wale 24 ambao wazazi wao walikubali waondolewe mafindofindo na nyama hizo walipanda alama mwaka uliofuata. Wale ambao hawakutibiwa hawakupanda. Mtoto aliyeitwa mzito alikuwa hajalala vizuri kwa miaka.

Na mama mjamzito je? Mwaka 1978 madaktari waliandika juu ya wajawazito wachache waliosimama pumzi usingizini, na jinsi moyo wa mtoto tumboni ulivyobadilisha mwendo pumzi ya mama iliposimama. Taarifa hiyo ilikaa miaka mingi bila ya kufuatwa. Mwaka 2000 Karl Franklin na wenzake wa Umeå, Sweden, waliwauliza wanawake 502 kuhusu kukoroma. Asilimia 23 walikuwa wakikoroma usiku mwingi katika juma la mwisho la mimba. Miongoni mwa hao, watoto waliozaliwa wakiwa hawakukua ipasavyo walikuwa asilimia 7.1, miongoni mwa wasiokoroma, asilimia 2.6. Mwaka 2017 uchunguzi mkubwa wa Marekani uliowapima usiku wanawake zaidi ya 3,000 wenye mimba ya kwanza ulionyesha kwamba shida ya kupumua usingizini ilikuwapo kwa asilimia 3.6 mimba ikiwa changa na asilimia 8.3 ilipofika katikati, na kwamba ilifuatana na kisukari cha mimba na shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba. Hao ni binadamu, na kwao lililoonekana ni kufuatana kwa mambo. Kufuatana si kusababisha, na mfasiri aangalie asiandike "husababisha" pale ambapo mtafiti ameandika "huhusiana na".

Kwa wanyama mtafiti anaweza kuthubutu zaidi. Kundi la Nanduri Prabhakar huko Chicago liliwaweka watoto wa panya, siku chache tu baada ya kuzaliwa, katika hewa ambayo oksijeni yake hushushwa na kurudishwa mara nyingi. Panya hao walipokuwa wakubwa, muda mrefu baada ya hewa kurudi kuwa ya kawaida, walikuwa na shinikizo la juu la damu na upumuaji usiotulia. Mwaka 2012 kundi hilo lilieleza sababu: alama za kikemia zilikuwa zimebandikwa juu ya jeni fulani zikaizima, na zilibaki hapo. Mwaka 2022 watafiti wa Wisconsin waliwaweka panya wenye mimba katika hali kama hiyo wakati wa usingizi wao, katika nusu ya pili ya mimba. Watoto wa kiume waliozaliwa walionyesha upungufu wa kumbukumbu na wa kuchangamana na wenzao, tabia ambazo watafiti walizifananisha na baadhi ya dalili za usonji, na viungo vya seli za ubongo wao vilikuwa vimezidi kiasi. Walipopewa dawa ya kutuliza njia moja ya kikemia ndani ya seli, hali yao ilipata nafuu. Panya si mtu. Hata hivyo, hapo saa ya jeraha imehama kabisa kutoka chumba cha kuzalia. Ni usiku mama akiwa amelala.

Turudi nyumbani. Katika wodi za wazazi za Tanzania mtoto anayezaliwa bila ya kupumua husemwa kuwa "amezaliwa amechoka", na akiwa bado tumboni, kwamba "mtoto amechoka". Ni maneno ya huruma, nayo tunayaheshimu. Lakini aliyechoka huachwa apumzike, na mtoto huyu hawezi kungoja dakika mbili. Tangu mwaka 2009 wakunga na wauguzi nchini walianza kufundishwa kwa wingi mpango wa kumsaidia mtoto kupumua: kumkausha na kumsugua mgongo, na asipoitikia, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Georgina Msemo na wenzake walichapisha matokeo ya hospitali nane mwaka 2013. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini tarakimu inayomhusu zaidi mwanaistilahi ni nyingine. Idadi ya watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu, wale ambao miili yao ilikuwa bado haijaharibika, nayo ilipungua kwa asilimia 24. Mafunzo ya kupumua hayawezi kumfufua maiti. Maelezo yenye kukubalika ni kwamba baadhi ya walioandikwa wafu walikuwa hai, mioyo ikipiga, ila hawapumui wala hawasogei. Lile neno la Kiyunani lililochanganya mpigo na pumzi lilikuwa na ndugu yake katika daftari zetu.

Lugha yetu inao mfano wa karibu zaidi wa jina lililobeba sababu ndani yake. Degedege, mtukutiko unaompata mtoto mwenye homa kali, ni jina pia la kiumbe arukaye usiku. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba wazazi wengi walikijua chanzo cha degedege kuwa si malaria, hivyo walimpeleka mtoto kwanza kwa mganga. Jina lilikuwa limekwisha kujibu swali kabla ya daktari kuuliza.

Kwa kuwa hali ndiyo hiyo, tunapendekeza mambo machache, nayo hayana uzito sawa. Kwa upungufu wenyewe "upungufu wa oksijeni" watosha. Neno la mkopo haipoksia libaki kwa vitabu vya vyuo. Tusiandike "kukosa oksijeni", maana anayekosa kabisa hufa, na habari yetu yote ni ya wanaopungukiwa na kuishi. Kwa mtoto, tunaona ifae "kutopumua baada ya kuzaliwa", ambalo husema lililoonekana na kunyamaza juu ya sababu na saa. Asfiksia lisiingie katika vijitabu vya wananchi.

Juu ya mtoto aliyekakamaa viungo, "mtindio wa ubongo" limeenea mno hata haliwezi kuondolewa, lakini linafanya kazi mbili: humwita mtoto ambaye viungo havimtii, na humwita mtoto ambaye akili yake inakua polepole. Wapo wengi wa kundi la kwanza ambao akili zao ni timamu na ambao wamenyimwa dawati kwa sababu ya neno hilo. "Kupooza kwa ubongo" nako kunapotosha, kwani kilichopooza si ubongo. Tungependelea neno la zamani libaki kwa kundi moja tu, lile la viungo, na barua za kuwaandikisha watoto shuleni zieleze kwa sentensi nzima kile ambacho mtoto anaweza kufanya.

Limebaki la usingizini, na hapa Kiswahili ni tajiri kuliko Kiyunani. Pumzi "kukatika" husikika kama kukata roho, na mama mjamzito akielezwa hivyo hatalala tena. Pumzi "kukoma" ni mwisho. "Kuziba" hutaja sababu moja, ilhali zipo pumzi zinazosimama bila ya koo kuziba, kama za mtoto njiti ambaye ubongo wake haujakomaa kuamuru kupumua. Huyo hutibiwa kwa kafeini, dawa iliyomo katika kahawa, na majaribio yaliyofanywa kwa watoto 2,006 yalionyesha mwaka 2007 kwamba waliopewa walipata ulemavu wa viungo kwa asilimia 4.4, wasiopewa asilimia 7.3. "Kusita" ndilo neno. Msafiri anayesita amesimama, nasi tunajua kwamba ataendelea. "Kusita kwa pumzi usingizini" kwafaa mtu mzima, mama mjamzito na njiti bila ya kumtaja mnene wala mwembamba.

Ule upungufu unaokuja na kuondoka ulitutatiza zaidi. "Wa mara kwa mara" husema wingi tu, haisemi kurudi. Wenzetu wa mwambao walitaka "kupwa na kujaa", nasi tulilipenda, lakini maji ya bahari hupwa kwa saa sita, na upungufu huu hupwa kwa nusu dakika. Kwa sasa tunaandika "upungufu wa vipindi".

Liko pia swali la kumwuliza mjamzito kliniki. "Je, unakoroma?" halifai. Wengi huona aibu kulijibu, wengine hujisifu, kwa kuwa kwetu anayekoroma huhesabiwa kuwa amelala fofofo, na isitoshe hakuna anayejisikia akikoroma. Shahidi ni yule aliye macho. Tunapendekeza liulizwe hivi, na mkunga angoje jibu: "Mama, mumeo au mtu unayelala naye amewahi kukuambia kwamba pumzi yako husita ukiwa usingizini?"